Adabu Iliyo Mkiani mwa Kitenzi



Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani Majengo hadi Umoja na Kayole, wapo vijana waliokwisha kuokota maneno ya Kijapani katika katuni. Wengine sasa wanayatafutia riziki: tangu Aprili 2019 Japani inatoa viza kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kutunza wazee ni mojawapo ya kazi hizo. Mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo, wenye madaraja 5, kuanzia N5 la chini hadi N1 la juu, hufanyika Nairobi pia. Basi binti akikwambia anataka kujifunza Kijapani, mwulize: cha mkubwa au cha mwenzio?

Maana kitenzi kimoja huvaa mavazi mawili. Kula ni taberu kwa ndugu na rafiki, lakini ni tabemasu kwa mgeni, mwalimu na mkubwa. Kunywa ni nomu na nomimasu. Kwenda, iku na ikimasu. Kuja, kuru na kimasu. Kufanya, suru na shimasu. Ukikanusha kwa heshima, -masu hugeuka -masen. Ukisimulia yaliyopita, huwa -mashita. Vazi la nyumbani lina mikunjo zaidi: sili ni tabenai, sinywi ni nomanai, siji ni konai.

Sisi adabu tumeiweka zaidi katika salamu, sauti na majina ya heshima. Mtoto humwamkia bibi yake shikamoo, kisha humwuliza "Utakula?" kwa kitenzi kile kile anachomwulizia mdogo wake. Mjapani ameifunga adabu mkiani mwa kitenzi. Aliyejifunzia katika katuni peke yake huenda akamwambia mzee wa miaka 80 "Taberu?", akidhani amemkirimu, kumbe amemfanya mwenzake wa kucheza kati.

Kwa Muislamu, jambo hili lina uzito zaidi mezani. Akiandaliwa nguruwe au pombe hana budi kukataa, na kukataa kwaweza kumwumiza mwenyeji. Butaniku wa tabemasen ni "sili nyama ya nguruwe". Osake wa nomimasen ni "sinywi pombe". Hapo dini imehifadhika na mwenyeji hakuvunjiwa heshima. Tabenai kavu mbele ya mkuu wa kazi humfikia kama jibu la mtoto aliyenuna.

Kwa hiyo aanze na -masu, asije akamkosea mtu. Kisha asiliache umbo la pili: kamusi huorodhesha taberu, si tabemasu, na wenzake wa kazini watasemezana hivyo mbele yake. Awe na daftari lenye safu mbili, na kila jioni aandike vitenzi 2. Ndugu wawili wakae pamoja, mmoja awe bibi na mwingine mjukuu, waulizane, kisha wabadilishane. Mama asiyejua neno la Kijapani aweza kusimamia somo hilo: asikilize tu mkia.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya heri.