KOMPYUTA NA MZANI WA MKULIMA

SIMU ya mkononi siku hizi ni chombo cha kazi vijijini kama lilivyo jembe. Ndiyo maana masomo ya awali ya kompyuta vyuoni humfundisha hata anayeanza kutengeneza programu za simu. Hatua hiyo ni njema. Lakini yatupasa tujiulize: programu hizo zitamfaa nani?

Historia yatupa funzo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya kazi za hesabu zilizokabidhiwa mitambo hiyo kuleta hasara. Marufuku hayo yaliondolewa zamani, na leo wataalamu twawafundisha wenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya fani hiyo.

Hata hivyo, mwanafunzi aweza kufuata kitabu cha kigeni, akatengeneza programu ya kuagizia chakula katika mji asioujua, akapata alama zake, na kazi ikafa siku ile ile ya mtihani. Elimu bila amali ni mti usiozaa.

Hapa Singida kazi ipo. Wakulima wa vitunguu wanalalamikia lumbesa. Kanuni za vipimo zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, lakini magunia hushindiliwa na kuongezwa juu, na malipo yakahesabiwa kwa gunia. Tuchukue mfano. Gunia la kilo 130 likilipwa kama la kilo 100, mkulima amepunjwa kilo 30. Kwa magunia 10, ni kilo 300.

Programu ya kumwonyesha hesabu hiyo yahitaji visanduku vya kuandikia uzito na bei, kitufe kimoja, na kuzidisha. Anayeanza aweza kuikamilisha kwa chombo cha bure kama App Inventor cha Chuo cha MIT cha Marekani, ambacho humwezesha kuunganisha vipande vya maelekezo vilivyokwisha tayarishwa.

Kwa hiyo twawashauri walimu wawapeleke wanafunzi soko la Misuna kabla ya kuwasha mitambo, wawasikilize wauzaji na wanunuzi. Programu iwe ya Kiswahili na ifanye kazi pasipo intaneti. Mwenye kitochi naye asisahauliwe: huduma za fedha za simu zimekwisha kuonyesha kuwa namba za kubonyeza zatosha. Na atakayekusanya majina na namba za wakulima aijue Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Programu peke yake haitaifuta lumbesa. Kusimamia vipimo ni kazi ya Wakala wa Vipimo na halmashauri zetu, nao hawana budi kuitimiza. Lakini mkulima ajuaye kiasi anachopunjwa ana hoja mkononi mbele ya mnunuzi na mbele ya kiongozi wake. Vijana wetu wampatie hoja hiyo.