Mkataba Usomwe Kabla ya Kusifiwa

Ndugu zangu wa Kilindoni, Jibondo, Bweni na kote Mafia, pweza tunayemtoa mwambani wakati wa bamvua haishii sokoni kwetu. Wengi huvuka bahari mpaka Italia, Hispania na Ureno. Kwa hiyo mikataba ya biashara na Ulaya si habari ya mawaziri peke yao.

Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya zilimaliza mazungumzo ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, EPA. Tukaambiwa tunafunguliwa soko. Soko lipi? Tangu 2001 Tanzania, kwa kuhesabiwa miongoni mwa nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, inaruhusiwa kuuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru. Anayejisifu kukufungulia mlango uliokwisha kuwa wazi, muulize anataka nini. Alitaka nasi tuondoe ushuru, polepole kwa miaka 25, kwenye asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zake, tena tusijiamulie wenyewe kutoza ushuru mpya mali ghafi inayotoka nchini. Biashara yenyewe ilikuwa hapo. Wala simlaumu Mzungu: mfanyabiashara hutafuta faida, na Mswahili anayekwenda Dubai hafuati sadaka. Wa kulaumiwa ni yule atiaye saini kwa sababu amesifiwa.

Rais mstaafu Benjamin Mkapa alionya mapema, na Novemba 2016 Bunge likaukataa. Kenya ilitia saini, lakini yenyewe haimo katika kundi letu la nchi zilizo nyuma kabisa, na maua yake yalikwisha kuonja ushuru wa Ulaya mwaka 2014. Sisi wa Mafia tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Mkataba wa Julai 1, 1890, baina ya Uingereza na Ujerumani, ulikitaja kisiwa hiki kwa jina ili kiende kwa Mjerumani. Hakuna mtu wa Mafia aliyeulizwa.

Hata hivyo kukataa peke yake hakujazi chungu. Tanzania ikitoka katika kundi la nchi zilizo nyuma kabisa, nafuu ile ya kuuza bila ushuru nayo itafikia ukomo, na mkataba utarudi mezani. Wavuvi, wachuuzi, akina mama wa mwambani, mwulizeni mbunge wenu leo: barafu iko wapi, na ni pweza kiasi gani wanasindikwa hapahapa? Na rasimu nyingine ikija, dai lenu liwe moja: isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji kabla haijafika Dodoma.