KIVINJE NAYO NI KILWA

Litajwapo jina la Kilwa, mawazo ya wengi huvuka maji moja kwa moja hadi Kisiwani, kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Hatuna kijicho na Kisiwani. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Tunaloomba ni kwamba juhudi ya namna hiyo ivuke pia kuja bara, Kilwa Kivinje.

Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilishuka hapo, na watu pia. Katika miaka ya 1860 watumwa wapatao 20,000 walipitishwa forodhani kila mwaka, wengi wao wakipelekwa Unguja kwenye mashamba ya mikarafuu. Hata baada ya Sultani Barghash kukubali mwaka 1873 kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini, misafara iliendelea kwa miguu kufuata pwani kuelekea kaskazini, mpaka nayo ilipopigwa marufuku mwaka 1876. Utajiri uliojenga majumba ya mawe ya Kivinje haukuwa mbali na biashara hiyo. Asifuye milango ya nakshi akanyamaza juu ya waliopitishwa njiani mbele yake, amesema nusu ya habari.

Nusu nyingine pia ina uzito. Mwaka 1888 maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliuawa mjini humo, wenyeji walipokataa kutawaliwa. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha. Naye alikuwa mfanyabiashara wa misafara, na hatuoni sababu ya kuwaficha vijana jambo hilo; wanaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambako watu walichoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, Kivinje ikawa tena mahali pa kunyongea. Mahali pa mwembe ule, Mwembe Kinyonga, pana mnara wa kumbukumbu.

Mji ulififia bila kishindo. Pwani yake ni ya matope na maji mafupi, na meli kubwa hazikuweza kukaribia. Makao ya wilaya yakahamishiwa Kilwa Masoko, penye bandari ya maji marefu, na wafanyabiashara wakafuata. Waliobaki ni wavuvi na wakulima, ambao hawakuachiwa fungu lolote la kutunza majumba ya matajiri waliohama.

Na majumba hayo hayasubiri. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huweza kusimama miaka mingi maadamu umefunikwa. Boriti za mikoko zikioza na paa likianguka, mvua huingia katikati ya ukuta, chokaa hulegea, mizizi ya miti hupenya, na baada ya masika machache hubaki rundo la mawe. Kwa hiyo suala la paa haliwezi kungoja semina.

Tunaishauri Idara ya Mambo ya Kale na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa zianze na mambo yasiyohitaji mfadhili: kuhesabu nyumba za kale zilizosalia, kujua kila moja ni mali ya nani au ya warithi gani, na kuziezeka kwa muda zile ambazo kuta zake bado ni imara, Boma la Wajerumani lililochakaa kwa miaka mingi likitangulia. Wazee wa Kivinje wahojiwe na maneno yao yahifadhiwe. Na mgeni alipiaye safari ya Kisiwani apitishwe Kivinje pia, akiongozwa na mkazi wa Kivinje, na sehemu ya ada yake ibaki hapo hapo kununulia chokaa na boriti.