Umeweka Injini Mpya Juu ya Miguu ya Mzee, Halafu Unajiita Fundi?

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusipotezeane wakati: kama una pesa ya injini na huna pesa ya breki na suspensheni, basi huna pesa ya swapu. Funga mfuko, panda matatu, rudi mwaka ujao.

Najua itauma watu. Iume tu.

Kila wiki naona video ileile. Gari nzee, boneti juu, injini inaning'inia kwa mnyororo chini ya mwembe, muziki mkubwa. Kijana anazungusha ufunguo, moshi kidogo, injini inanguruma, watu wanapiga makofi. "Projekti imeisha." Imeisha wapi? Hakuna mtu ameweka kamera chini ya gari. Hakuna mtu ametuonyesha bushi, boli jointi, shoki, wala mipira ya breki. Laiki ziko kwa boneti, kwa hivyo pesa yote inaenda kwa boneti.

Na kabla hujaandika kwa komenti ati nachukia magari mazee, tulia. Mimi ni mtoto wa Karurumo. Huku gari nzee ndiyo inabeba kahawa, ndizi, muguka, na shosho akienda kliniki Runyenjes. Watu wa Nairobi wanaosema "uza hiyo takataka ununue gari ya maana" hawajui wanaongea nini. Gari ya kutoka Japani haiwezi kuingia Kenya ikiwa imepita miaka 8, na hiyo iliyo chini ya miaka 8 inakuja na ushuru juu ya ushuru, halafu VAT ya 16% inakaa pale juu kama cheri ya keki. Mkulima wa kawaida atatoa wapi hiyo pesa? Kutunza chuma alicho nacho ni akili. Hapo siko na ubishi.

Chukua Peugeot 504. Hii gari iliheshimika Kenya kuliko wabunge. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ilikuwa inaunganishwa hapa hapa Kenya, na zaidi ya 20,000 zilitoka. Wazee wetu walisafiri kwa zile steshenwagoni za viti vitatu kabla Nissan hazijateka barabara. Bodi yake bado iko. Shida ni injini: ile ya petroli ya 1971 cc, ikizeeka inakunywa mafuta kama imetumwa, na spea zake siku hizi ni za kutafutwa. Kwa hivyo mtu anaenda Kirinyaga Road pale Nairobi, anarudi na Toyota 3L ya dizeli na giaboksi yake. Na kwa faida yako, hiyo 3L si lita tatu, ni 2779 cc. Wanaokuuzia wakiita "lita tatu" wanakupima akili.

Mpaka hapo sawa kabisa. Sasa ndio ujinga unaanza.

Kwanza, 504 haina propela shafti ya kawaida. Shafti yake inazunguka ndani ya bomba, na hilo bomba limefungwa kwa nyuma ya giaboksi na kwa difu. Hilo bomba ndilo linazuia ekseli ya nyuma isijipinde ukikanyaga mafuta au breki. Ukitoa giaboksi ya Peugeot ukaweka ya Toyota, umeondoa kitu ambacho hilo bomba lilishikilia. Fundi wa maana anakwambia: tutabadilisha na ekseli, tutengeneze mahali pa kuishikilia, tupime urefu wa propela, tuipeleke ikasawazishwe. Fundi wa haraka anakata, anachomelea, anapaka rangi nyeusi. Zote mbili zikiwashwa zinanguruma sawa kwa video. Tofauti utaiona siku umebeba gunia kumi.

Pili, na hii ndiyo inaninyima usingizi: breki. Gari ya petroli ina mvuto wa hewa unaotoka kwa injini yenyewe, na huo mvuto ndio unasaidia mguu wako kukanyaga breki. Dizeli haina huo mvuto. Ndio maana Toyota waliweka pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya alterneta ya hizo injini za L. Sasa mtu ananunua 3L, alterneta yake imekufa, fundi anaweka nyingine yoyote ile inayochaji betri. Taa zinawaka, redio inaimba, kila mtu anafurahi. Lakini pampu haiko. Ukikanyaga breki, pedali ni ngumu kama jiwe, na gari inaendelea na safari yake. Utasikia mwenye gari akisema "hii gari iko na breki ya kiume." Hapana kaka. Hiyo gari haina usaidizi wa breki. Uanaume hauhusiki.

Tatu, mwendo. Hii ni hesabu ya shule, na mimi niliyeacha chuo naikumbuka. Ukitoka 60 km/h ukafika 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja. Lakini nishati ambayo breki zinatakiwa kumeza imeongezeka kwa karibu 78%, kwa sababu inafuata mraba wa mwendo. Breki zako ni zilezile za mzee aliyekuwa anaenda 60. Umempa mzee viatu vya kukimbilia, magoti umemwachia yaleyale.

Na msifikiri naongea na watu wa 504 pekee.

Vijana wa Subaru, mko? Mnachukua Impreza ya 1500 cc mnaweka EJ20 ya tabo. Subaru wenyewe, waliotengeneza hiyo injini, walipoiweka kwa WRX waliongeza breki, wakabadilisha giaboksi na suspensheni. Hawakufanya hivyo kwa sababu walikuwa na pesa ya kuchezea. Wewe umewashinda wahandisi wa Subaru kwa wikendi moja?

Na nyinyi wa Probox. Hapa lazima nikae kidogo, maana hii ndiyo gari yetu. Probox inatoka kiwandani na injini ndogo, ile 1NZ ni 1496 cc, na ilijengwa kubeba mizigo ya ofisi kwa lami ya Japani. Sisi tunaibebesha watu tisa, muguka, na mbuzi. Ikianza kukalia tairi, suluhisho letu ni nini? "Fundi, inua."

Kuna njia mbili za kuinua, na watu wengi hawajui wamefanyiwa gani. Njia ya kwanza, fundi anaweka kipande cha chuma au mpira juu ya springi. Gari inakaa juu, inapendeza, inapita mawe. Lakini springi ni ileile, nguvu ni ileile. Haijaongezwa hata kilo moja ya kubeba. Umeongeza urefu tu. Na kule mbele, shafti za magurudumu sasa zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyopangwa, ndio maana zinaanza kulia "ka ka ka" ukikata kona. Njia ya pili, anasukuma mpira katikati ya mizunguko ya springi. Hiyo inafanya springi iwe ngumu, ni kweli, lakini inafunga mizunguko michache, kwa hivyo ile iliyobaki inafanya kazi ya yote. Siku moja inakatika, na haikatiki ukiwa umeegesha.

Suluhisho la kweli ni springi nzito yenyewe, shoki zinazoendana nayo, bushi mpya, halafu alainmenti. Na tafadhali, acheni kusema "weka shoki ngumu ndio ibebe." Shoki haibebi mzigo. Springi ndiyo inabeba. Kazi ya shoki ni kuzuia gari isirukeruke, ndio tairi ikae chini kwa lami. Tairi iliyo hewani haina breki, haina stiaringi, haina chochote.

Sasa nasikia mtu: "Wewe ni mwoga, kasi ndiyo raha." Sawa, tuongee kasi. Mwaka wa 1993, Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio. Vivio, bana! Injini chini ya 660 cc, ndogo kuliko ya pikipiki zingine kubwa. Akamaliza nambari 12 kwa jumla na akashinda daraja lake, kwenye rali ambayo ilikuwa inameza magari makubwa ya viwanda. Colin McRae mwenyewe alikuwa na Vivio hiyo mwaka huo, na hakufika mwisho. Sasa niambie, ni cc zilimfikisha Njiru? Ni gari iliyoandaliwa kuanzia chini, na dereva aliyejua kuitunza. Ukitaka kujivunia mbio za Kenya, jivunie hiyo.

Kisha kuna mambo ya makaratasi, ambayo hakuna mtu anayataka kwa kontenti. Logbuku yako ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, unatakiwa kupeleka gari ikakaguliwe na kubadilisha rekodi NTSA. Wengi wetu hatufanyi. Tunasema "polisi hafungui boneti." Polisi anaweza asifungue. Bima atafungua. Siku umegonga mtu, unaenda kudai, mkaguzi anakuta namba kwa chuma haifanani na namba kwa karatasi. Umewapa sababu ya kukukatalia kwa mkono wako mwenyewe. Na aliyegongwa, mama ya mtu, atalipwa na nani?

Hapo ndipo hasira yangu inatoka. Kama ungekuwa unaendesha hiyo gari peke yako kwa shamba la babako, ningekuacha. Lakini hizi gari zinabeba watu. Zinashuka mabonde ya barabara ya Embu kwenda Meru, mteremko, kona, daraja, halafu mlima, halafu mteremko tena. Daraja la Nithi liko kwa barabara hiyo. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilianguka pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi lile basi lilikuwa na swapu. Nasema barabara yetu haisamehi, na kila mtu wa huku anajua hivyo, halafu bado tunaingia kwa huo mteremko na pedali ngumu, springi ya mpira, na mtoto wa mtu amekaliwa kwa buti.

Najua jibu lenu: "Pesa hakuna." Sawa, tuhesabu. Pesa ya injini ulipata. Ya rimu ulipata. Ya ekzosti ya kelele inayoamsha kijiji saa nane usiku ulipata. Ya spika za kutetemesha vioo ulipata. Pesa inakosekana tu ikifika kwa bushi? Hiyo si umaskini. Hiyo ni kuchagua, na umechagua kile kinachoonekana.

Na mafundi wetu, siwaachi. Nawaheshimu sana. Kuna wazee huku wanasikia injini kwa sikio tu na kukwambia ni silinda ya ngapi imechoka, bila kompyuta. Lakini fundi, mteja akikwambia "funga tu hivyo," una ruhusa ya kukataa. Daktari hafungi tumbo akijua ameacha makasi ndani ati kwa sababu mgonjwa hana pesa ya kushonwa vizuri. Ukiachilia gari itoke kwa karakana yako bila breki, jina lako linatoka nayo.

Kwa hivyo mpangilio ni huu, na uandike mahali:

1. Breki kwanza. Diski, dramu, padi, mipira, oili ya breki. Kama ni dizeli, hakikisha pampu ya hewa inavuta. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia, kisha washa. Inatakiwa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, usitoke kwa geti.

2. Miguu. Bushi, boli jointi, tairodi, springi ya uzito unaobeba kweli, shoki, tairi, alainmenti.

3. Sasa injini na giaboksi, na maunti za maana, rejeta inayotosha, na difu yenye gia zinazoendana. Dizeli haipendi kupigishwa kelele kama petroli.

4. Logbuku na bima.

5. Rimu, spika na stika baadaye. Hata za "Mungu Mbele" weka, lakini Mungu mbele na breki chini.

Ukikwama nambari mbili kwa sababu pesa imeisha, hongera. Una gari nzee, polepole, inayosimama ukitaka isimame. Umeshinda nusu ya wale wanaokucheka.

Changamoto kwa watu wa kontenti, na najiweka ndani: video yako ijayo ya swapu, anza chini ya gari. Tuonyeshe bushi kabla ya kutuonyesha tabo. Kama unaogopa kuweka kamera pale chini, abiria wako waogope zaidi.

Tagi yule msee wako mwenye Probox ya mpira kwa springi. Akikasirika, mwambie ni mimi nimesema.