Kunyamaza Si Kukiri

Jioni moja hapa Kamembe, Rwanda, redio ikisimulia habari za shahidi wa nchi jirani aliyekataa kujibu suali la kamati ya bunge, mzee mmoja niliyeketi naye barazani aliweka chini kikombe chake cha chai akasema, "Huyo ana lake jambo, msafi hanyamazi," na wote waliokuwapo wakaafiki. Mimi sikuafiki, wala siafiki hata leo.

Najua itikadi hiyo imetoka wapi. Sheria ya mwaka 2004 ya Gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari, ilimwekea jela ya miezi 3 hadi 6 aliyejua jambo akakataa kulishuhudia. Na kwa maafa yaliyotufika mwaka 1994, ambapo wafiwa walikuwa bado wakiuliza maiti wao walitupwa wapi, siilaumu sheria hiyo. Lakini Gacaca ilikuwa mahakama, nayo ilifungwa Juni 2012. Kamati ya bunge haihukumu mtu, bali hutafuta habari za kutungia sheria na kuisimamia serikali.

Simtetei anayepuuza wito: anayeitwa na aende. Katiba ya Kenya, kwa mfano, katika ibara ya 125, imezipa kamati uwezo wa Mahakama Kuu wa kumlazimisha shahidi kuhudhuria na kuapa. Basi madhali zimepewa upanga wa mahakama, shahidi naye astahili ngao yake.

Mtazame John Watkins, mtetezi wa wafanyakazi huko Marekani, ambaye mwaka 1954, alipohojiwa na kamati iliyowasaka wakomunisti, alijibu kila lililomhusu nafsi yake, ila akakataa katakata kuwataja wale aliowaamini kuwa wamekwisha kuiacha siasa hiyo. Alitiwa hatiani kwa kulidharau bunge. Na tarehe 17 Juni 1957 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu, kwa kuwa hakubainishiwa masuali yale yalihusiana vipi na jambo lililochunguzwa. Je, alijificha mtu huyu? Aliwasitiri wenziwe. Nasi tunaovuka daraja la Rusizi mpakani kwenda Bukavu na kurudi twajua jina la mtu, likishatamkwa mbele ya wakubwa, linavyosafiri mbali kuliko mwenyewe.

Katiba yetu, ibara ya 29, yasema mtu hana hatia hadi mahakama yenye mamlaka imthibitishie. Kwa hiyo nakusihi, mzee wangu, ukisikia tena kwamba shahidi amenyamaza, uliza kwanza aliulizwa nini.