Nani Alipe Gharama ya Faili Lililoharibika?

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, kompyuta ya mezani ya nyumbani kwangu ilinitangazia kwamba sasisho nililokuwa nimelipakua kwa saa tatu haliwezi kusakinishwa, kwa kuwa faili lake limeharibika. Ujumbe wenyewe ulikuwa na sentensi moja, msimbo wa herufi na tarakimu usioeleweka kwa binadamu wa kawaida, na kitufe kimoja: Jaribu tena. Nikakibofya. Kompyuta ikaanza kupakua upya, kuanzia asilimia sifuri.

Hilo lilikuwa jaribio la tatu. La kwanza, siku ya Ijumaa, lilikatizwa na umeme uliokatika kwa dakika tano tu na kurudi. La pili ndilo hilo lililofika asilimia 100 na kukataliwa. Kufikia hapo nilikuwa nimemaliza kifurushi kimoja cha shilingi 10,000 na sehemu kubwa ya kingine. Binti yangu, aliyekuwa akisubiri kompyuta hiyo ili akamilishe maombi ya mkopo wa masomo kabla dirisha halijafungwa, alisimama mlangoni na kuniuliza: “Baba, kwa nini tunalipia kitu kilekile mara tatu?” Kisha akaenda kuyamalizia maombi yake kwenye simu ya mama yake, herufi moja baada ya nyingine.

Sikuwa na jibu usiku ule. Sasa ninalo. Sitaitaja kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta yangu, kwa maana shauri langu si la kampuni moja. Ni shauri juu ya utaratibu mzima ambamo hasara ya faili bovu hutupwa, bila mjadala, kwenye mfuko wa yule anayenunua intaneti kwa kipimo.

Naanza kwa kukiri jambo moja. Kompyuta yangu ilifanya sawasawa kulikataa faili lile. Kabla ya kusakinisha sasisho, mashine hukokotoa alama ya utambulisho ya faili zima na kuilinganisha na ile iliyotiwa sahihi na mtengenezaji. Katika mbinu iitwayo SHA-256 alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha biti moja tu ndani ya faili, alama yote hugeuka. Ulinzi huo ndio unaotukinga na mhalifu anayeweza kupenyeza programu yake humo njiani. Mlinzi wa getini akimzuia mgeni mwenye kitambulisho kilichochanika, halaumiwi.

Ugomvi wangu unaanza baada ya kukataliwa. Faili lile lilikuwa na ukubwa wa takriban gigabaiti 4. Huenda lilidhurika katika sehemu ndogo mno: pengine ukurasa mmoja ulioandikwa nusu kwenye diski umeme ulipoyumba, pengine sehemu ya diski iliyochoka. Kwa ajili ya dosari hiyo, gigabaiti zote 4 zilitupwa. Ni kama msahihishaji aliyekuta ukurasa mmoja wa tasnifu umelowa maji, akamwamuru mwanafunzi aiandike tasnifu yote upya, tena kwa karatasi za kununua.

Msomaji asinielewe vibaya akadhani naomba muujiza. Ninachokidai kilikwisha kuvumbuliwa kabla wanafunzi wangu wa sasa hawajazaliwa. Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, walitangaza programu iitwayo rsync. Wazo lake ni jepesi. Faili hugawanywa vipande. Kila kipande hupewa alama yake. Mashine mbili hulinganisha alama. Kisha vipande vilivyotofautiana, na hivyo tu, ndivyo husafirishwa. Wataalamu hao walikuwa wakiifikiria mitandao ya polepole na yenye kukawia, yaani hali yetu hii hasa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2001, Bram Cohen akatoa BitTorrent, ambamo faili hukatwa vipande na kila kipande huhakikiwa peke yake. Kikionekana kibovu hutupwa hicho, na kuletwa kingine mahali pake. Matokeo yake ni kichekesho cha zama zetu: kijana anayepakua sinema ya wizi ana kinga bora dhidi ya faili lililoharibika kuliko raia mtiifu anayepakua sasisho halali la usalama.

Ni kweli kwamba mifumo mingi ya leo huendeleza upakuaji uliokatika, na mingine hutuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya. Hayo yafanyika, na ni haki kuyasema. Lakini faili likishaharibika baada ya kuhifadhiwa, ushauri utakaopewa ni uleule: futa yote yaliyomo kwenye folda ya masasisho, uanze upya. Nami niliufuata. Maarifa ya kukiokoa kilicho kizima yapo. Hayakutumika kwa sababu walioamua wanaishi mahali ambako intaneti hulipwa kwa mwezi, kama kodi ya nyumba, na kupakua mara tatu hakumgharimu mtu chochote ila subira. Aliyekuwa akihesabu megabaiti hakuwamo ukumbini.

Kiingereza hutumia neno moja kwa faili lililoharibika na kwa ofisa anayekula rushwa. Kiswahili kimeyatenganisha mambo hayo, na kwa kawaida nakishukuru kwa hilo. Ila kwa faili langu la Jumamosi ningeazima ule mchanganyiko wa Kiingereza kwa dakika moja, maana katika hali zote mbili kuna makubaliano yaliyofanywa na watu wawili na kulipiwa na wa tatu asiyekuwepo.

Sasa twende kwa fundi. Yeyote aliyewahi kupeleka kompyuta kwa mafundi wa Kariakoo anajua kazi ya kwanza wanayoifanya, kabla hata ya kukuuliza mashine inaumwa nini: wanazima masasisho. “Mzee, haya yatakumalizia bando bure,” aliniambia mmoja wao miaka kadhaa iliyopita, nami nikamkaripia kwa kujiamini kote kwa mtu mwenye shahada ya uzamivu. Leo namwomba radhi. Fundi yule alikuwa amefanya hesabu ambayo mimi sikuwa nimeifanya. Kwa mteja anayeweka kifurushi cha wiki, sasisho la gigabaiti 4 ni gharama ya uhakika leo, ilhali shambulio la virusi ni hatari ya pengine kesho. Akizima, hatendi ujinga, anatenda uchumi.

Tatizo ni kwamba uchumi huo wa mmoja mmoja, ukijumlishwa, ni hatari ya wote. Mnamo Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi kiitwacho WannaCry kilipitia ufa uleule na kuzikamata kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Dawa ilikuwa imekwisha kuwapo kwa takriban miezi miwili. Kompyuta isiyosasishwa ni jirani asiyechanjwa: inajidhuru yenyewe na kuwadhuru waliounganishwa nayo. Na hakuna serikali yenye akili inayomtoza mama mwenye mtoto nauli ya gari lililoleta chanjo kwenye zahanati, kisha chupa ikivunjika njiani imwambie alipe nauli nyingine.

Tazameni jinsi faili bovu linavyotendewa linapowagusa wenye sauti. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege hazikuruka, na mafundi walilazimika kuziendea mashine moja moja na kulifuta faili hilo kwa mkono. Miezi miwili baadaye, mmoja wa viongozi waandamizi wa kampuni aliketi mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi la Marekani na kuomba radhi. Nakubali, kisa hicho si sawa na changu: lao lilitoka bovu kiwandani, langu liliharibikia njiani au sebuleni kwangu. Lakini nani aliyemwambia abiria aliyelala sakafuni uwanja wa ndege kwamba ajaribu tena kwa gharama yake?

Na wanaodhani kampuni hizi hazisikii wautazame mwaka 2025. Microsoft ilipotangaza kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma Oktoba 14, na kwamba mwenye kompyuta ya nyumbani anayetaka masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi angeweza kulipia dola 30 au kukubali masharti mengine, vyama vya walaji vya Ulaya vilipinga. Kampuni ikalegeza masharti, na wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wakaongezewa mwaka huo bila malipo. Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura hawamo katika eneo hilo. Nani aliyekwenda kuuliza kwa niaba yao?

Rafiki yangu wa idara ya kompyuta, niliyemsimulia haya tukinywa chai, alinijibu kwa upole: “Dokta, funga faiba nyumbani, yaishe.” Naweza, kwa kujibana. Mwalimu wa sekondari kule Liwale hawezi, hata akijibana, kwa sababu mtaani kwake haipo. Na hatuwezi kumwambia kila siku kwamba mfumo wa matokeo, mfumo wa mishahara na mfumo wa maombi ya uhamisho vyote viko mtandaoni, kisha kompyuta yake tuiache ikiwa na nyufa. Hata hiyo faiba yangu ingenisaidia nini Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na nchi nzima ikaanza kuutafuta mtandao kwa tochi?

Kwa hiyo sielekezi kidole ng'ambo tu. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti ambapo watoa huduma hukutana ndani ya nchi bila kupita baharini. Vyuo vikuu vina seva na vina nyaya za faiba. Kuhifadhi humo nakala za masasisho ya usalama, zikiwa na alama zake za uthibitisho zilizoandikwa wazi, ni kazi ambayo kwa mifumo huria kama Linux hufanywa na vyuo duniani kote kwa miongo sasa. Kwa mifumo ya kibiashara panahitajika mkataba, nasi tunayo silaha ya mkataba: serikali hununua leseni kwa fedha za umma. Anayeuza awekewe sharti la kueleza ukubwa wa sasisho kabla halijaanza kupakuliwa, kurekebisha kipande kilichoharibika pasipo kulitupa faili zima, na kuweka nakala nchini. Nazo kampuni za simu ziagizwe kutohesabu masasisho ya usalama ndani ya kifurushi. Nitaambiwa haiwezekani. Aprili 2021, vifurushi vipya vilipotangazwa na wananchi kupiga kelele, bei hizo zilisitishwa mara moja. Tulijua siku ile kwamba mkono wa mdhibiti ni mrefu ukitaka kunyooshwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, mwaka 2004, kuizaa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Wakati huo intaneti yetu ilikuwa ya kusubiri kama kivuko. Naitaja kwa sababu siku hizi nasikia wenzangu wakisema vyuo vyetu havina uwezo wa kazi kama hizi.

Jumatatu nilikwenda ofisini na flashi. Nililipakua sasisho kwa mtandao wa chuo, nikakokotoa alama yake, nikailinganisha na ile iliyotangazwa na mtengenezaji, herufi kwa herufi hadi ya 64. Zikalingana. Jioni nikalisakinisha nyumbani kwa dakika ishirini. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliposikia, akaja na mashine yake kwapani. Kisha akamleta shemeji yake, na shemeji akaleta habari kwa wengine. Najua wataalamu wa usalama watanikemea, kwa kuwa flashi ya kuazimana ni njia mashuhuri ya kusambaza virusi. Wana haki kabisa. Hadi leo asubuhi flashi hiyo imekwisha kupita nyumba nne, na kwa tano naambiwa wanaisubiri.