Oili ya Gia Boksi Isiwe Siri ya Fundi

Ndugu wanaushirika,

Mkutano mkuu unakaribia na ajenda ya lori imo. Kila mmoja ameona jinsi gari letu linavyofanya siku hizi. Dereva akiweka D, gari linasita kwanza, halafu linaondoka kwa kushtuka. Huko kisimani na vilabuni maneno yamekuwa mengi. Wako wanaosema oili ya gia boksi imechoka, ibadilishwe. Wako wanaosema isiguswe kabisa, maana gia boksi ya otomatiki ikishazeeka, ukiibadilishia oili unaiua. Na wako wanaosema oili ni oili tu, inunuliwe ile ya bei rahisi ili fedha ibaki.

Sisi tunasema wazi: oili ibadilishwe, iwe ya aina inayotakiwa, na kazi ifanyike mbele ya wanachama. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Lori letu la dizeli lilitoka Japani likiwa limetumika, na halina pedeli ya klachi. Katika lori la gia za mkono, dereva hukata na kuunga nguvu ya injini kwa mguu wake. Katika hili letu kazi hiyo inafanywa na oili. Kati ya injini na gia boksi kuna chombo cha mviringo, ndani yake magurudumu mawili yenye mapanga yanatazamana, yamezama katika oili. Injini inazungusha la kwanza, hilo linarusha oili, na oili inalisukuma la pili, kama maji ya mto yanavyosukuma gurudumu la mashine ya kusaga. Huko ndani zaidi ziko sahani za klachi, zinazobanwa na oili hiyo hiyo ikisukumwa na pampu.

Kwa hiyo oili hii ina kazi nne: kupitisha nguvu, kubana sahani, kulainisha vyuma, na kuondoa joto. Ikichoka, kazi zote nne zinalegea pamoja.

Sasa, oili ni oili? Hapana ndugu zetu. Oili hii inatakiwa iteleze na papo hapo ishike. Iteleze kwenye meno na beringi, ishike pale sahani zinapobanana. Kupata kitu cha namna hiyo si kazi ndogo. Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wakichanganya mafuta ya nyangumi ndani yake ili kupata mshiko unaofaa, mpaka sheria ya kulinda wanyama hao ilipowalazimisha kutafuta dawa nyingine ya kiwandani. Ndiyo maana kila mtengenezaji ana aina yake. General Motors wana Dexron, Ford wana Mercon. Toyota peke yao wana T-IV na wana WS, na WS ni nyepesi zaidi, haichanganywi na T-IV wala haiwekwi mahali pake. Rangi isitudanganye. Nyingi ni nyekundu, lakini wekundu ni rangi tu ya kutia ili uvujaji uonekane. Kununua oili kwa kutazama rangi ni sawa na kununua mbegu kwa kutazama gunia.

Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na magari mengine imeandikwa hata kwenye kijiti cha kupimia. Kusoma tumejifunza. Basi tusome, tusimsubiri muuza duka atuambie.

Tuje kwenye mabadiliko ya lori letu. Lilipofika hapa liliongezewa springi za nyuma, na mbavu za bodi zikainuliwa kwa mbao ili lichukue magunia mengi zaidi. Springi zile zinadanganya macho. Gari halilali nyuma, basi tunaona limeuweza mzigo. Lakini gia boksi ni ile ile iliyotengenezwa kwa mzigo mdogo na barabara ya lami. Hakuna aliyeiongezea kitu.

Adui wake mkubwa ni joto. Lori lililojaa likipanda mlima polepole, yale magurudumu mawili hayaendi sawa. La injini linakimbia, la pili linabaki nyuma, na nguvu inayopotea hapo inageuka kuwa joto. Vivyo hivyo likinasa kwenye tope na dereva akakanyaga mafuta huku matairi yanazunguka bure. Oili hii inafurahia joto la nyuzi 80 hivi. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kupita hapo, kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka, umri wa oili unapungua karibu nusu. Tupige hesabu. Oili ambayo ingefika kilometa 80,000 kwenye nyuzi 80, kwenye nyuzi 90 itafika 40,000, kwenye 100 itafika 20,000, na kwenye 110 itafika 10,000 tu. Mlima wetu wa kwenda ghalani kila mtu anaujua. Kwa hiyo anayesema oili ya otomatiki haibadilishwi maisha yote, atuambie ni maisha ya nani.

Ndugu zetu wanaoogopa kwamba oili mpya itaua gia boksi ya zamani hatuwacheki. Wameyaona magari yaliyokufa siku chache baada ya kubadilishiwa oili. Lakini tuulize: magari hayo yalipelekwa gereji kwa nini? Mengi yalipelekwa kwa sababu tayari yalikuwa yanateleza. Mgonjwa akifikishwa hospitali akiwa mahututi na akafariki, hatusemi kitanda cha hospitali ndicho kilichomwua. Oili mpya haiponyi sahani zilizokwisha. Ila gari linalosita tu, kama letu, kuliacha na oili iliyoungua ni kulimalizia.

Jambo la kufanya ni kutazama kabla ya kuamua. Oili ikiwa ya kahawia au nyeusi na inanuka kuungua, imekwisha. Ikiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, na kubadilisha oili peke yake hakutasaidia kitu. Karai la chini lifunguliwe. Ndani mwake mara nyingi kuna sumaku. Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma ni habari nyingine, hapo gari lisimame na gia boksi ifunguliwe.

Jingine ambalo wengi hawalijui: ukifungua nati ya chini, oili yote haitoki. Nyingine inabaki kwenye kile chombo cha mviringo na kwenye mabomba. Tuseme gia boksi inachukua lita 10 na zinatoka 5. Mara ya kwanza tunapata nusu mpya. Tukiendesha siku kadhaa na kurudia, oili mpya inafika lita 7 na nusu. Mara ya tatu inafika lita 8 na robo tatu. Hivyo ndivyo tunavyotaka ifanyike, mara tatu, pole pole, pamoja na filta mpya. Kinachotoka kipimwe kwa lita, na kinachoingia kipimwe kwa lita. Ikipungua, sahani zinateleza. Ikizidi, oili inatoka povu, na povu halibani kitu. Mwisho ipimwe gari likiwa kwenye tambarare, oili ikiwa na joto, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake.

Jamani, wako watakaosema hii ni gharama. Ni kweli. Lakini gharama ya madumu machache ya oili na filta haifiki popote kwenye bei ya gia boksi. Na lori hili halibebi kahawa na mahindi peke yake. Usiku mama mjamzito akizidiwa, ni lori hili hili linalogongewa mlango. Likifia mlimani siku hiyo, hakuna atakayeuliza tuliokoa shilingi ngapi.

Kwa hiyo katika mkutano tunaleta mapendekezo haya:

1. Oili ya gia boksi ibadilishwe kabla ya msimu wa kusomba mazao, mara tatu kama tulivyoeleza, kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na si nyingine.

2. Dumu lifunguliwe mbele ya dereva, mtunza stoo na mjumbe mmoja wa wanachama. Lakiri itazamwe na risiti ihifadhiwe. Oili za bandia zipo, na kopo zuri si ushahidi.

3. Baada ya hapo ibadilishwe kila kilometa 40,000, au mapema zaidi kitabu kikisema hivyo. Tarehe, kilometa, aina na idadi ya lita viandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Fundi aulizwe bei ya kufunga rejeta ndogo ya kupoza oili hiyo. Gari lililoongezewa mzigo liongezewe na upoozaji.

5. Mzigo upungue mpaka ule uliokusudiwa na watengenezaji. Mlimani dereva atumie gia ya chini, asiiache kwenye D ikihangaika kupanda na kushuka. Kwenye tope tushuke tusukume, tusimwachie oili kazi ya mabega yetu.

6. Oili chafu iwekwe kwenye pipa lake. Isimwagwe mtaroni, maana mtaro unakwenda kisimani.

Pendekezo la tano ndilo litakalouma, tunajua. Kila mmoja anataka gunia lake liende safari ya kwanza. Lakini safari mbili za lori zima ni bora kuliko safari moja na nusu.

Asiyekubaliana nasi aje mkutanoni na hoja zake, akiwa ameshatazama kile kijiti cha kupimia kwa macho yake mwenyewe. Dereva ameambiwa amwonyeshe mwanachama yeyote atakayeuliza.

Katibu